"Ni pango gani, mwanangu?" Kisa cha jioni moja ya wasanii Dodoma

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja na maswali matatu: umetokea wapi, mtindo wako ni upi, na nini kinakupa msukumo. Waandaaji waliwapa wasanii watatu wa Dodoma, wakarudishiwa ikiwa imejazwa, wakachapa majibu kwenye kadi ngumu na kuzibandika ukumbini kando ya kazi za kila mmoja. Siku ya tukio kila msanii alipewa dakika kumi asimame aseme yale yale kwa mdomo wake. Watu walipoanza kutoka, kadi zote tatu zilikuwa zimeshakwama, kila moja kwa namna yake, na iliyokwama vibaya zaidi ni ile iliyoandikwa kwa ufasaha kuliko zote.

Kisa chenyewe ni kidogo. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyegombana. Ila jioni za aina hii zimekuwa nyingi mjini kwetu. Tangu Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma kwa vitendo, na hasa baada ya mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, watumishi wamekuja na familia zao, hoteli zimeongezeka, na ofisi za Mtumba, ule mji wa serikali, zina kuta ndefu zinazosubiri kitu cha kutundikwa. Mwenye ukuta hataki picha ya simba wala Mlima Kilimanjaro. Anataka kitu "chenye asili ya hapa." Basi wasanii wanaitwa, na wakiitwa wanaambiwa wajieleze. Wengi wanajieleza kwa maneno yale yale, utadhani walikaa darasa moja.

Majina ya watatu hawa siyaweki, maana Dodoma bado tunafahamiana. Wa kwanza ni fundi na mpigaji wa marimba, zile za vyuma kwenye ubao zinazopigwa kwa vidole gumba, mzee wa Kigogo kutoka vijiji vya Chamwino, umri umevuka sitini. Wa pili ni mama wa upande wa Mvumi anayeongoza kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake. Wa tatu ni mchoraji, kijana wa miaka thelathini na kitu, baba yake Mrangi wa Kondoa, yeye mwenyewe kakulia Chang'ombe hapa hapa mjini.

Kadi ya mchoraji ndiyo iliyovuta watu. Ilisema amezaliwa na kipaji. Mtindo wake unatokana na michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, urithi wa mababu zake. Msukumo anaupata kutoka kwa mazingira na maisha ya kila siku. Picha zake zilikuwa nne, kubwa, za watu warefu wembamba wa rangi nyekundu iliyoelekea kahawia, wengine wanachunga, wengine wamebeba maji, kwenye usuli wa njano. Ukisoma kadi kwanza kisha ukageukia picha, unaitikia kwa kichwa. Alipopewa kipaza sauti alisema hivyo hivyo kwa kirefu zaidi, na akasema vizuri.

Kisha mama mmoja aliyekaa safu ya tatu, kilemba cha kijani, akanyoosha mkono. Akaanza kwa kumpongeza. Akasema yeye ni mwenyeji wa Kolo, amefurahi sana kuona vijana wanapakumbuka nyumbani. "Sasa huyu uliyemchora hapa, mwenye nywele zimesimama, ni wa pango gani, mwanangu?"

Kijana akatabasamu. "La pale juu, mama."

"Juu yapo mengi."

Watu wakacheka, mshereheshaji akaomba makofi, ratiba ikaendelea. Mama wa watu hakuwa na nia ya kumwaibisha; ukimtazama usoni ulikuwa unaona kabisa anataka kujua tu. Lakini bwana mmoja aliyekuwa ameulizia bei ya picha kubwa kabla ya hotuba hakurudi tena pale ukutani. Kama ni swali lile lililomwondoa au ni foleni ya chakula, mimi siwezi kumsemea.

Sasa, jambo rahisi ni kusema kijana kadanganya. Ni kweli hakuwahi kufika mapangoni. Alinithibitishia mwenyewe baadaye, kwamba Kolo alikuwa akipaona kwa dirisha la basi la Babati. Michoro aliiona kwenye simu. Lakini neno "uongo" halitufikishi mbali, kwa sababu ukiziangalia zile picha nne kwa utulivu, zinasema wazi zimetoka wapi, na si Kolo.

Tazama kivuli. Kila mtu kwenye picha zake ana ukanda mwembamba mweusi unaomfuata upande wa kushoto na chini, wenye upana ule ule kuanzia kichwani hadi kisigino. Kwenye picha ya wanawake wawili wanaorudi kisimani, jua linazama upande wa kushoto, kubwa, jekundu. Na kivuli cha wanawake kiko upande huo huo wa kushoto. Kinaangukia kwenye jua. Mtu aliyesomea uchoraji hawezi kufanya hivyo, na mtu aliyekaa akitazama watu jioni hawezi kufanya hivyo pia. Anayefanya hivyo ni mtu ambaye kivuli kwake ni kitu cha herufi.

Nilipomwuliza kuhusu kivuli hicho, uso ulimfunguka. Baada ya kidato cha nne alipelekwa kwa fundi wa mabango karibu na soko la Majengo. Kazi ya mwanzo ni kuosha brashi kwa thina na kupiga msasa mabati. Baadaye ukapewa kujaza herufi ambazo fundi ameshazichora kwa chaki. Baadaye sana ndipo ukaruhusiwa kuchora kichwa cha kinyozi. Na kivuli cha herufi fundi wake alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kinawekwa kushoto na chini. Sababu akanionyesha kwa kidole juu ya meza. B, D, E, F, H, K, L, P, R, zote mgongo wake umenyooka upande wa kushoto. Ukiweka kivuli hapo, brashi inashuka mara moja, imekwisha. Ukikiweka kulia unaanza kuhangaika na matumbo ya B na miguu ya K, na mteja wa duka la dawa hakulipi zaidi kwa hilo.

Rangi nyekundu nayo ina habari yake. Ile nyekundu ya kahawia iliyowafanya watu wafikirie miamba ni redi-oksaidi, rangi ya kuzuia kutu ambayo mafundi wa kuchomelea wanapaka mageti kabla ya rangi yenyewe. Duka la mabango lilikuwa limepakana na gereji ya mageti, na kopo lililobaki kwa jirani lilikuwa bei ya bure. Akaizoea. Ameendelea kuitumia mpaka leo ijapokuwa sasa ana uwezo wa kununua nyingine, kwa sababu inafunika vizuri na haing'ai ovyo.

Na kuacha mabango hakuacha kwa kupenda. Mashine za kuchapa mabango ziliingia mjini, mteja akawa anatuma picha kwa simu na kuchukua bango lake siku hiyo hiyo, lina picha yake mwenyewe akicheka. Fundi wake akahamia kuuza vipuri. Kijana akabaki na brashi, na mkono uliojua kitu kimoja vizuri: kuchora umbo linaloonekana kutoka upande wa pili wa barabara na mtu aliye kwenye mwendo. Ndiyo maana watu wake ni warefu. Ndiyo maana hawana sura, wana mkao tu. Bango halisomwi kwa kukaribiwa.

Hayo yote hayakuwemo kwenye kadi. Kadi ilimwuliza mtindo wake, naye akaelewa, kama wengi wanavyoelewa, kwamba anaulizwa kabila lake. Akaulizwa msukumo, akaelewa anatakiwa ataje kitu kikubwa na cha zamani. Mimi simlaumu. Wateja wa mji huu ndio waliomfundisha. Aliponiambia kwamba picha ya kwanza aliyouza kwa bei ya maana iliuzwa kwa sababu mnunuzi mwenyewe alisema "aah, kama ile michoro ya Kondoa," nikajua kadi iliandikwa siku ile, na aliyeiandika ni mnunuzi.

Nipime upande wa pili, kwa haki. Je, kuna chochote cha Kolo katika picha zile? Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye zaidi ya mapango 150 yenye michoro kwenye miamba iliyoinama. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono, umbo kwa umbo. Wanaoifahamu huitenga makundi mawili makubwa. Kuna ile myekundu, ya kale zaidi, ya mistari myembamba, watu waliorefuka na wanyama waliochorwa kwa uangalifu, ambayo huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji, na wengi huitaja pamoja na Wasandawe ambao bado wapo magharibi ya hapo, wilayani Chemba. Halafu kuna nyeupe, ya baadaye, nzito, mara nyingi ya kidole, ambayo huhusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Kwa hiyo Mrangi anayesema ile myekundu ni ya "mababu zangu" anajibebesha madai mazito kuliko anavyojua. Ukoo wake kwa lugha ni wa Kibantu, na ungekuwa karibu zaidi na ile nyeupe ambayo hakuna mtu anayeichapa kwenye fulana. Sembuse kwamba mahali kama Mungomi wa Kolo si makumbusho tu, watu wa pale bado wanapatumia kwa matambiko. Yule mama wa kilemba cha kijani alikuwa na sababu ya kuuliza pango gani. Kwake yale ni mahali, na pana wenyewe.

Kuna uhusiano mmoja wa kweli, na kijana hakuujua. Wekundu wa miambani umetokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Redi-oksaidi ya mageti ni oksidi ya chuma hiyo hiyo, imesagwa kiwandani na kutiwa kwenye kopo. Kama angeeleza alikoipata rangi yake, angefika Kolo kwa njia ya kweli, kupitia gereji.

Hapo ndipo ninaposimama katika kisa hiki chote. Maelezo ya msanii yana kazi moja: mtu akishayasoma, arudi kwenye kazi aone kitu ambacho hakukiona mara ya kwanza. "Kipaji" hakionekani ukutani. "Mazingira" hayaonekani. Kivuli kinachoangukia kwenye jua kinaonekana, na ukishaambiwa sababu huwezi tena kuitazama picha ile ukaona wanawake na kisima tu. Swali linalomtoa msanii kitu cha namna hiyo ni lile linalouliza mkono wake, nani aliushika na umezoea nini. Ukimwuliza moyo wake anakupa alichosikia kwa wengine.

Ushahidi bora wa hili ulitokea usiku ule ule, wakati nusu ya watu wameshaondoka. Fundi wa marimba alikuwa ametumia dakika mbili kati ya kumi zake. Kadi yake ilikuwa na mistari mitatu. Mshereheshaji, kwa nia njema, akambana: "Mzee wetu, hebu tuambie, nini hasa kinakupa msukumo?" Mzee akafikiri. "Mteja akileta hela ya mbao, naanza." Kicheko, makofi, akarudi kukaa. Kwa mujibu wa ratiba msanii huyu hakuwa na la kusema.

Baadaye kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa anapiga kinanda wakati wa chakula, akamfuata na kumwomba wapige pamoja. Akampa sauti kwenye kinanda ili mzee alinganishe. Mzee akaweka marimba magotini, akachukua koleo dogo, akasukuma chuma kimoja nyuma kidogo tu, akakigusa kwa gumba, akasikiliza. Akakivuta tena mbele kilipokuwa. "Hicho chako kimekosea," akasema, na hakuwa anatania.

Halafu akaeleza, na akaeleza kwa muda mrefu kuliko hotuba zote tatu zikijumlishwa. Chuma kikivutwa mbele kinakuwa kirefu, sauti inashuka. Kikirudishwa nyuma kinafupika, sauti inapanda, na tofauti ya unene wa kucha inatosha kuharibu. Akamwonyesha tundu la ubaoni lililozibwa na utando mweupe wa buibui, ule unaobanduliwa ukutani. Akatoa mfukoni kisanduku cha kibiriti. Ndani mlikuwa na tando nyingine za akiba, zimepangwa bapa. Bila ule utando marimba inalia lakini "haisemi," haina ule mtetemo wa nyuki ambao kwa sikio la Kigogo ndio ukamilifu wa sauti. Mwanafunzi aliuliza kama ule mvumo ni hitilafu ya chombo. Mzee akabandua utando, akapiga, sauti ikawa safi na tupu. Akaurudisha, akapiga tena. Hakuongeza neno.

Na kuhusu kinanda alikuwa na haki yake. Watafiti wa muziki waliouchunguza muziki wa Wagogo wameonyesha kwamba sauti zake zinafuata mfululizo wa sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi au bomba moja linapolia. Ya saba katika mfululizo huo inaangukia chini ya kitufe cha kinanda kinachoikaribia, kwa karibu theluthi ya nusu-sauti. Kinanda kimegawanywa sawasawa kiwandani. Hakina mahali pa kuiweka. Kwa hiyo mzee angekubali kulinganisha, angeondoa kitu kile kile kinachofanya watu waseme "hii ni ya Dodoma" kabla hata hawajajua wanasikia nini.

Yote hayo yalikuwa majibu ya swali la pili kwenye fomu. Mtindo wako ni upi? Alikuwa nao kwenye kibiriti. Aliyehitajika ni mtu wa kumbishia kwa kinanda.

Kadi ya mama wa muheme ilikwama kwa sababu nyingine na nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa haihitaji mengi. Iliandikwa "mimi" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nadhani aliyemsaidia kujaza ndiye aliyeiweka hivyo. Aliposimama akasema "sisi," na dakika zake karibu zote akazitumia kutaja wenzake waliobaki kijijini kwa sababu nauli iliyotolewa ilikuwa ya mtu mmoja. Muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikiwa imebanwa mapajani na kuinamishwa, na mizizi yake ni kwenye unyago wa wasichana. Mpigaji mmoja hawezi kuonyesha muheme. Anachoweza kuonyesha ni sehemu yake ndani ya muheme, na sehemu hiyo inasikika tu kama wengine wanapiga zao. Kumwomba aeleze mtindo wake binafsi ilikuwa ni kumwomba ajitenge na kitu anachokijua.

Sheria yetu yenyewe inalitambua jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi kwa kazi yake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Lakini ina sehemu nyingine inayohusu sanaa za jadi, zile zisizo na mtunzi mmoja bali jamii, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira ya asili yamewekwa chini ya ruhusa ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mtindo peke yake haumilikiwi na mtu. Kwa wasanii wa mkoa huu hilo lina maana ya moja kwa moja: hakuna anayeweza kumzuia mwingine kuchora watu warefu wekundu au kupiga mdundo wa muheme, kwa hiyo historia ya kweli ya mkono wako ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo jirani hawezi kuvinakili.

Mtu atasema, mbona Hukwe Zawose alifika mbali kwa kujitambulisha kama Mgogo? Ni kweli, na mfano wake unastahili kutazamwa kwa karibu maana kila msanii wa Dodoma huulizwa habari zake. Alizaliwa kijiji cha Doduma, akaitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere, akawa mmoja wa walioijenga sanaa ya Bagamoyo katika chuo ambacho leo tunakiita TaSUBa, akarekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, akafariki Desemba 2003. Wanaomsimulia kwa haraka huishia kwenye kijiji na kabila. Waliomsikia hukumbuka vitu vingine: sauti iliyoshuka na kupanda kwa upana wa ajabu, marimba makubwa yenye vyuma vingi kupita kawaida, namna alivyoweka sauti ya koo juu ya zeze. Ugogo alikuwa nao sawa na wenzake wote wa Doduma. Kilichomtenga ni alichokifanya nao. Na wa ukoo wake wameendelea hivyo: akina Pendo na Leah Zawose, ambao kwa miaka walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, sasa wamesimama mbele na vyombo ambavyo desturi iliwapa wanaume. Ukitaka kuwaeleza, huwezi kuanzia kwenye "kipaji cha kuzaliwa." Unaanzia kwenye marimba iliyoshikwa na mwanamke.

Niongeze tofauti moja. Kule Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo ambalo limekuwepo tangu 2009, vikundi vya vijijini hupiga mbele ya watu wanaozijua ngoma hizo tangu utotoni. Hakuna kadi pale, na haihitajiki. Mtu akikosea, uwanja mzima unajua. Mjini ni tofauti. Mkurugenzi aliyehamia kutoka Dar hajui kama mvumo wa marimba ni uzuri au ubovu. Kwake maelezo ni ya lazima, na ndiyo maana maelezo mabovu yanagharimu.

Waandaaji walikuwa waungwana. Walipoomba maoni, niliwashauri watupe fomu na waweke maswali mengine matatu: nani alikufundisha na alianza kwa kukupa kazi gani, unatumia vitu gani na unavipata wapi, na kitu gani kwenye kazi hii mtu hatakiona mpaka umwonyeshe. Pia nauli ya muheme iwe ya kikundi. Wakakubali yote isipokuwa nauli, ambayo "itaangaliwa."

Aliyekataa alikuwa mchoraji. Nilikaa naye kuandika kadi upya na akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka soda chini. "Kaka, ukiandika pale mimi ni mchora mabango, yule wa hoteli atanilipa kwa futi."

Sikuwa na jibu la haraka. Bango lina bei kwa ukubwa; picha ina bei kwa jina. Alikuwa ametoka upande mmoja kwenda mwingine kwa jasho, na mimi nilikuwa namwomba arudi mlangoni akabishe hodi. Nikamtajia Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru: hakuna anayemweleza bila kutaja vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za makopo alizotumia, vitu vya fundi kabisa, na hilo halikumshusha.

"Tingatinga alikufa 1972," akanijibu. "Picha zake zimepanda bei hayupo. Mimi nina kodi ya Januari."

Tulivutana. Mwisho alikubali nusu, na nusu yake naiona ni ya busara kuliko ushauri wangu. Kadi mpya inaanza na kivuli: inamwambia mtazamaji atafute jua kwenye picha kisha atafute kivuli. Inataja kopo la redi-oksaidi na gereji ya jirani. Fundi wake ametajwa kwa heshima. Neno "mabango" limo, mara moja, katikati ya sentensi, si mwanzoni. Kolo nayo haikufutwa. Yule mama wa kilemba cha kijani alimwachia namba ya ndugu yake kule, kijana akaenda, akalipa kiingilio, akapandishwa mlimani na mwongozaji. Sentensi ya mwisho ya kadi sasa inasema alifika Kolo baada ya kuulizwa swali, na kwamba alichokiona huko bado hajakichora.

Bei hakushusha hata shilingi. Kwenye maonyesho yaliyofuata ofisa mmoja alinunua picha ndogo, ya mchunga ng'ombe, akaisoma kadi mara mbili, akaenda akarudi kutafuta jua na kivuli. Kisha, kama kijana alivyoogopa, akamwuliza kama anaweza pia kumwandikia kibao cha mlango wa ofisi. Kijana akasema anaweza, akamtajia bei ya kibao kwa futi, na akamwandikia risiti mbili.